Usiku Jenerali Alipoghairi

Monduli, kwenye chuo cha jeshi, mwaka 1977, tulifundishwa kisa cha mizinga ya Dien Bien Phu, bonde la Vietnam ambako Wafaransa walishindwa mwaka 1954. Tulifundishwa nusu yake. Mkufunzi wetu alitusimulia jinsi Wavietnam wa Jenerali Giap walivyoikokota mizinga kwa kamba hadi milimani, Wafaransa waliojichimbia bondeni wakashtukia wanapigwa kutoka juu. Akagonga meza. "Hakuna lisilowezekana!" Nasi tukaandika daftarini: hakuna lisilowezekana.

Ilinichukua miaka arobaini na moja kujua kwamba mizinga ile ilipandishwa, ikashushwa, kisha ikapandishwa upya. Nusu tuliyonyimwa ndiyo niliyoihitaji.

Nianze na yangu, maana bila hayo hamtaelewa kwa nini mzee wa Kihaya aliyestaafu jeshi alisafiri hadi milima ya mpaka wa Laos kutazama kamba.

Mwishoni mwa 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakateka ardhi yetu yote iliyo kaskazini ya mto Kagera na kulibomoa daraja la Kyaka. Mwanzoni mwa 1979 tukawafuata kwao. Mimi nilikuwa Luteni Usu wa ugavi, umri miaka ishirini na mitatu, sharubu ndiyo kwanza zinachipua. Ugavi hauimbiwi nyimbo. Ukifanya vizuri, watu wanakula na kusahau. Ukikosea mara moja, kila mtu anakujua jina. Nilikuwa na malori, mengi yakiwa ya raia na mashirika ya umma yaliyochukuliwa pamoja na madereva wake, watu wazima waliozoea kubeba pamba na saruji, si mabomu.

Usiku mmoja wa mwezi Machi, mvua ikinyesha kama iliyokodishwa, tulifika kwenye kijito chenye daraja la magogo, upande wa kusini wa Masaka. Dereva wa lori la mbele alikuwa mzee wa Shinyanga. Alishuka, akalikanyaga daraja kwa mguu mmoja, akarudi kwangu.

"Afande mwanangu, magogo haya yamelewa maji. Tulale hapa. Kukikucha tutalipima."

"Mzee, huko mbele watu hawajala."

Ilikuwa kweli, hawakuwa wamekula. Ila hiyo haikuwa sababu yangu. Sababu ilikuwa kwamba siku moja kabla, mkubwa wangu mmoja alisema mbele ya watu kuwa sisi wa ugavi tunangoja jua ndipo tutoke, kama mijusi. Watu walicheka. Nami usiku ule, nikiwa nimesimama kwenye matope, nilikuwa bado nasikia kile kicheko. Nikatoa amri tuvuke.

Lori la kwanza lilipita. La pili daraja likakatika. Dereva alitokea dirishani. Utingo wake, kijana wa miaka kama kumi na minane, alikuwa amelala juu ya magunia ya unga. Tulimpata asubuhi, mbali kidogo chini ya mkondo. Jina lake ninalo, silitaji hapa kwa sababu ndugu zake wapo.

Hakuna aliyeniuliza. Vita ilikuwa inakimbia, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili, watu wakashangilia, mimi nikapandishwa cheo kwa zamu yangu, nikaoa, nikazaa, nikastaafu nikiwa Luteni Kanali. Kile kijito sikukitaja hata kwa mke wangu.

Binti yangu mdogo anafanya kazi Vietnam, jiji la Ho Chi Minh, anakagua shehena za korosho ghafi zinazotoka Mtwara na Lindi kwenda kubanguliwa kule. Mwaka 2018 akanipigia simu: "Baba, kila siku Giap, Giap. Njoo basi uone kwao." Tiketi akakata yeye. Kabla ya kuondoka nikasoma nilichoweza kukipata, na humo ndimo nilimokutana na ile nusu ya pili.

Vo Nguyen Giap alizaliwa tarehe 25 Agosti 1911 katika kijiji cha An Xa, mkoa wa Quang Binh, pale Vietnam inapokuwa nyembamba kama kiuno cha nyigu. Wafaransa walikuwa wameikata nchi yao vipande vitatu, Tonkin kaskazini, Annam katikati, Cochinchina kusini, wakaviunganisha na Laos na Kambodia na kuviita Indochina. Akiwa mwanafunzi wa shule ya Quoc Hoc mjini Hue alifukuzwa mwaka 1927 kwa sababu ya migomo. Mwaka 1930 akafungwa. Alipotoka akaenda Hanoi, akasomea sheria, akaandika magazetini, na akawa mwalimu wa historia kwenye shule ya binafsi ya Thang Long. Wanafunzi wake walikumbuka jinsi alivyochora ubaoni vita vya Napoleon, mshale huu unatoka huku, wapandafarasi wanapitia kule.

Chuo cha kijeshi hakukanyaga. Hapo ndipo mtu wa Monduli anapojikuna kichwa. Sisi tulipiga kwata mpaka magoti yakalia, tukasoma ramani, tukachimba mahandaki, tukamalizia kwa mtihani. Yule bwana alitoka kwenye chaki akaingia msituni, na mwaka 1948 kiongozi wao, Ho Chi Minh, akamvika cheo cha Jenerali, Giap akiwa na miaka thelathini na sita. Husimuliwa kwamba Ho alipoulizwa vyeo vinatolewa kwa kipimo gani, alijibu kuwa anayemshinda kanali atakuwa kanali, na anayemshinda jenerali atakuwa jenerali. Mimi kwa kipimo hicho sijui ningekuwa nani.

Kuna jambo katika maisha yake ambalo vitabu vya vita hulipita mbio, mimi nilisimama nalo. Mei 1940 aliondoka Hanoi kwa siri kwenda Uchina kukutana na Ho Chi Minh. Aliagana na mkewe, Nguyen Thi Quang Thai, kwenye barabara ya Co Ngu kando ya Ziwa la Magharibi. Mama ameshika mtoto wao mdogo wa kike. Hawakuonana tena. Wafaransa walimkamata mwanamke yule, akafia katika gereza la Hoa Lo. Dada yake, Nguyen Thi Minh Khai, alipigwa risasi mwaka 1941. Taarifa ya kifo cha mkewe ilimfikia Giap akiwa porini, baada ya muda mrefu. Mwaka 1947 baba yake naye alikamatwa, akafia kifungoni.

Mtu wa namna hiyo ana sababu zote duniani za kuwa na haraka. Mimi nilikuwa na kicheko cha mkubwa mmoja tu, nikashindwa kusubiri kukuche.

Jeshi lake lilianza tarehe 22 Desemba 1944, katika msitu wa mkoa wa Cao Bang karibu na mpaka wa Uchina. Watu thelathini na wanne, watatu kati yao wanawake. Silaha zilikuwa thelathini na nne vilevile: bastola mbili, bunduki za kawaida kumi na saba, bombomu moja, na kumi na nne zilizobaki zilikuwa gobore. Ndiyo, gobore, kama zile za wawindaji wetu. Siku ile walikula wali mkavu bila chumvi wala mboga ili kila mmoja ajue anakokwenda. Siku tatu baadaye wakavaa kama askari wa serikali ya kikoloni, wakaingia kwenye kituo cha Phai Khat na karatasi ya uongo mkononi, wakakiteka. Kesho yake wakakiteka cha Na Ngan. Ukisoma hapo unaona mwanzo wa tabia yake: palipo na uchache wa risasi, akili itangulie.

Lakini tabia hiyo ilimtoka. Hapa ndipo ninapompenda zaidi, sijui kwa nini waandishi wengi huona haya kupasema. Mwaka 1950 alishinda vita kubwa mpakani. Wafaransa walikimbia Cao Bang na Lang Son, wakaacha nyuma maelfu ya wafu na mateka. Ushindi ukapanda kichwani. Januari 1951 akawateremsha vijana wake kutoka milimani hadi tambarare ya mpunga ya Vinh Yen, wakishambulia kwa makundi makubwa mchana kweupe. Jenerali de Lattre de Tassigny, kamanda wa Wafaransa, aliwamiminia napalm kutoka angani. Napalm ni mafuta ya moto yanayonata. Ukiyapangusa yanahamia mkononi. Machi akajaribu tena Mao Khe, akashindwa. Mei na Juni akajaribu kwenye mto Day, akashindwa. Vita hiyo ya mto Day ndiyo iliyomuua mtoto wa pekee wa de Lattre, luteni kijana, pale Ninh Binh. Mtu aliyefiwa mke kwa huku, baba aliyefiwa mwana kwa kule, na maelfu ya mama ambao hakuna aliyewaandika.

Mwishoni mwa 1952 akajigonga tena. Wafaransa walijizungushia ngome Na San, kiwanja cha ndege katikati, wakipokea kila kitu kutoka angani. Giap akawashambulia kwa kishindo, akarudishwa. Vita moja ile ikatoa wanafunzi wawili. Wafaransa walijifunza kwamba ukijenga ngome porini na kuilisha kwa ndege, Mvietnam hawezi kuivunja. Giap alijifunza kwamba ngome ya aina ile haivunjwi kwa haraka. Mwaka mmoja baadaye kila mwanafunzi alikwenda kufanya mtihani wake Dien Bien Phu.

Tarehe 20 Novemba 1953 askari wa miavuli wa Ufaransa walishuka kwenye bonde lile, karibu kilomita 300 kwa ndege kutoka Hanoi. Wakaufufua uwanja wa ndege, wakachimba, wakazungusha seng'enge, wakazipa ngome zao majina ya kike: Béatrice, Gabrielle, Isabelle, Eliane. Kanali de Castries ndiye aliyepewa amri ya bonde. Walitaka Giap aje, nao waliamini hawezi kufikisha mizinga mikubwa kule juu, na akiifikisha hataweza kuilisha.

Hiyo "hataweza kuilisha" ndiyo iliyonikamata mimi wa ugavi. Kila afisa ugavi anajua hesabu ya laana: mpagazi hula anachobeba. Mtu anayebeba mchele kwa mguu wiki kadhaa, akienda na kurudi, karibu atakuwa ameumaliza mwenyewe. Ndege za Wafaransa zilikuwa zinapiga barabara mchana. Wavietnam walitumia malori usiku, mashua mitoni, farasi wadogo wa milimani, na baiskeli. Baiskeli hizo hazikupandwa, zilisukumwa. Walifunga kipande cha mwanzi kirefu kwenye usukani ili mtu akiwa pembeni aweze kuiongoza, na kipande kingine nyuma ya kiti cha kusukumia. Wakaimarisha fremu kwa mbao na vyuma. Baiskeli moja ilibeba zaidi ya kilo 200, na wapo waliopita 300. Kwa hesabu za Wavietnam wenyewe, baiskeli zilizidi 20,000 na wapagazi raia walikuwa kiasi cha 260,000, wanaume kwa wanawake.

Kwenye jumba la makumbusho niliikuta mojawapo. Nikainama kuuangalia ule mwanzi wa usukani, mkono ukaenda wenyewe, na mlinzi akanikemea kwa Kivietnam. Binti yangu akafa kwa kicheko. Nami nilikuwa nataka tu kujua kipenyo chake.

Sasa ile nusu.

Mpango wa awali ulikuwa kumaliza kila kitu kwa kasi, kwa siku chache tu. Washauri wa Kichina waliokuwa pamoja nao waliuunga mkono, na makamanda wa divisheni nao. Ngome bado changa, walisema, tuipige kabla haijakomaa. Mizinga ya milimita 105, kila mmoja zaidi ya tani mbili, ikakokotwa kwa mikono usiku kwa usiku juu ya miteremko iliyokatwa kwa majembe, mamia ya watu kwenye kamba za mzinga mmoja, mwanadamu mmoja akiita na wengine wakiitikia. Shambulio likapangwa tarehe 25 Januari 1954, likasogezwa siku moja.

Giap hakulala usiku ule. Kichwa kilimuuma, daktari akamfunga majani ya dawa kwenye paji la uso. Alikuwa anajihesabia. Vijana wake hawajawahi kuangamiza zaidi ya kikosi kimoja kilichojichimbia vizuri; hapa kuna vikosi kumi na zaidi. Askari wa miguu na mizinga mikubwa hawajawahi kupigana pamoja. Wamezoea kupigana usiku porini, hapa watatakiwa kupigana mchana kwenye bonde la wazi, chini ya ndege na vifaru. Na Ho Chi Minh alipomuaga alimwambia kitu kimoja: ukiwa na hakika ya kushinda, piga, usipokuwa na hakika, usipige.

Asubuhi ya tarehe 26 akaenda kwanza kwa mkuu wa washauri wa Kichina, Wei Guoqing, ambaye alishangaa kumwona na yale majani kichwani. Mazungumzo yakaisha kwa kuelewana. Ngumu ilikuwa kwa wenzake mwenyewe, kamati ya chama ya uwanja wa vita. Mkuu wa siasa akasema askari wameshapandishwa moyo, tukiwaambia warudi tutawaeleza nini? Mwingine akasema nguvu tunayo, mizinga tunayo. Na mkuu wa ugavi, Dang Kim Giang, akasema tukichelewa, vyakula vitatushinda. Tusipopiga sasa baadaye ndiyo hatutaweza kabisa.

Niliposoma hilo nilicheka peke yangu sebuleni. Mwenzangu! Yale yale maneno yangu ya kijitoni: huko mbele watu hawajala. Na alikuwa sahihi, kama nilivyokuwa sahihi mimi. Chakula kweli kilikuwa kinawaishia.

Giap akawauliza swali moja. Kuna anayeweza kuthibitisha kwamba tutashinda, bila shaka yoyote? Hakuna aliyethubutu. Akatoa amri: shambulio limefutwa, askari warudi nyuma, mizinga ishushwe. Siku ileile, saa chache kabla ya risasi ya kwanza. Baadaye alisema kwamba huo ulikuwa uamuzi mgumu kuliko yote katika maisha yake ya ukamanda.

Kwa Kiswahili neno letu ni kughairi, nalo halina heshima. Mwenye kughairi ni kigeugeu, mtu asiye na msimamo. Jeshini ni baya zaidi: amri ya pili inayotangua ya kwanza huwafanya askari watazamane kwa pembe za macho. Nimeshuhudia makamanda wazuri wakishikilia jambo bovu kwa sababu tu walikwisha litamka. Kwa hiyo ninapofikiria ile asubuhi, sifikirii akili ya Giap, maana hesabu zile angezijua hata sajini mzoefu. Nafikiria uso wake. Aliwezaje kusimama mbele ya watu waliokokota tani mbili kwa mabega, akawaambia geuzeni?

Wiki zilizofuata walichimba. Barabara mpya za mizinga, mapango ya mizinga yaliyofunikwa kwa magogo na udongo, mahandaki ya mamia ya kilomita yakisogelea ngome kama mizizi. Divisheni ya 308 ikatumwa upande wa Luang Prabang kuwavuruga Wafaransa akili. Tarehe 13 Machi saa kumi na moja jioni mizinga ikafunguka juu ya Béatrice, ngome ikaanguka usiku uleule. Kamanda wa mizinga wa Ufaransa, Kanali Piroth, aliyekuwa ameahidi kunyamazisha mizinga ya adui, alijiua kwa bomu la mkono. Baada ya siku hamsini na sita, tarehe 7 Mei, de Castries alitekwa kwenye handaki lake. Kesho yake wajumbe wa mkutano wa Geneva wakakaa kuanza kujadili Indochina. Siku hizo hamsini na sita hazikuwa mteremko. Mwezi wa Aprili, mvua zikiwa zimeanza na mahandaki yamejaa maji na maiti, askari wa Giap nao walichoka na kuvunjika moyo, na maelfu walikufa. Kwenye kilima cha A1 walilazimika kuchimba shimo chini ya adui na kulilipua kwa karibu tani moja ya baruti. Shimo lipo hadi leo, nyasi zimeota kando yake.

Ndege yetu kutoka Hanoi ilikuwa ndogo, ya mapangaboi, na kiwanja tulichotua ndicho kilekile walichokipigania. Unashuka na begi lako kwenye lami ambayo watu walikufa wakijaribu kuifikia. Pembeni ni mpunga, mto Nam Rom, pikipiki, wauza nanasi.

Kilima cha Gabrielle nilikipanda kwa sababu ya babu yangu. Ngome ile ilishikiliwa na Waalgeria, askari wa Ufaransa waliotolewa koloni moja kuja kulilinda jingine. Wengi walikufa pale usiku wa tarehe 14 Machi. Babu yangu alikuwa KAR, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, naye Mwingereza alimpeleka Burma mwaka 1944 kupigana na Wajapani. Alirudi na blanketi na kovu, na hadi anakufa hakuwahi kusema ni kwa faida ya nani. Miezi sita baada ya Dien Bien Phu, tarehe 1 Novemba 1954, Waalgeria walianza vita yao wenyewe. Najiuliza wangapi kati ya waliotoka hai kwenye kilima kile walikuwa wa kwanza kuelewa.

Hata Wavietnam wenyewe walikuwako upande wa pili, kikosi kizima cha miavuli ndani ya bonde. Maana Mvietnam wa enzi ile aliyetaka kuwa afisa alikuwa na njia nyingine pia, tena ya mapema. Do Huu Vi, mtoto wa tajiri wa Cholon aliyewatumikia Wafaransa, alihitimu Saint-Cyr, chuo cha maafisa wa jeshi la Ufaransa, mwaka 1906, akaingia Jeshi la Kigeni la Ufaransa, akapigana Morocco, akajifunza urubani ndege zikiwa bado za turubai na waya. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta, ndege ikaanguka naye, akavunjika vibaya. Alipoweza kusimama akarudi kwa askari wa miguu, akauawa kwenye mapigano ya Somme, Ufaransa, Julai 1916 akiwa Kapteni. Ufaransa ilimtia kwenye stempu. Sithubutu kumcheka. Kwetu KAR, Mwafrika wakati huo hakuweza hata kuota nyota begani. Yeye aliipata, na alikuwa shujaa kwelikweli. Tatizo ni kwamba nyota ile haikumpa hata siku moja haki ya kusema "hapana, tugeuze". Aliruhusiwa kwenda mbele tu.

Siku ya mwisho tulikwenda Muong Phang, msitu alikokuwa na makao yake Giap. Kibanda cha mianzi, paa la nyasi, meza, kitanda chembamba cha kulala mtu mmoja asiyegeuka, na handaki linaloingia mlimani. Nilikaa nje kwenye jiwe muda mrefu. Binti yangu akaniuliza, "Baba, unaumwa?" Ndipo nikamweleza. Kijito, magogo, mzee wa Shinyanga, utingo juu ya magunia. Yote. Hakusema kitu, alinishika mkono kama anavyoshikwa mzee anayevuka barabara.

Njiani kurudi tulipita kwenye sanamu kubwa ya mawe ya watu wakikokota mzinga, miguu imejikita ardhini, kamba mabegani. Asubuhi tulikuwa tumetoka kwenye makaburi ya A1. Yapo 644, na manne tu ndiyo yenye majina. Moja kati ya hayo manne ni la To Vinh Dien. Alikufa tarehe 1 Februari 1954, kamba ya mzinga wa kudungulia ndege ilipokatika kwenye mteremko naye akajitupa chini ya gurudumu ili mzinga usitumbukie bondeni. Hakufa mzinga ukipanda. Alikufa wakati wa kuushusha, siku sita baada ya amri ya kughairi.

Nikamwuliza kijana aliyetutembeza, binti yangu akatafsiri: "Hawa wa kwenye sanamu, wanaupandisha au wanaushusha?"

Aliitazama sanamu, akazunguka upande wa pili, akaitazama tena. Akasema watu wote huuliza uzito wa mzinga, hilo hajawahi kuulizwa. Tukasimama watatu pale, tukijaribu kusoma miguu ya mawe imeelekea wapi.